Fundi wa Nyuma ya Ua

Kukaa eda ni kukaa. Miezi minne na siku kumi ndani ya ua, nguo nyeupe, bila wanja, bila udi, bila kuvuka mlango isipokuwa kwa dharura ambayo mtaa mzima umeikubali. Wako wanawake wanaoliweza jambo hilo. Mimi si mmoja wao. Mimi nikisukwa nywele huinuka kabla msusi hajafunga msuko wa mwisho, na nikipika wali huufunua mara saba. Mume wangu aliponifia, nikiwa na miaka ishirini na minne, nililia kama anavyolia mtu aliyempenda mumewe, maana nilimpenda. Lakini kufikia wiki ya tatu machozi yalikuwa yamepungua na miguu imeanza kuniwasha. Nilizunguka ua ule asubuhi na jioni mpaka mama yangu, aliyekuja kutoka Pangani kukaa nami, akasema nitachimba kisima bila kukusudia.

Nyumba yetu ilikuwa Dunda, Bagamoyo, ya udongo na bati, na nyuma yake ua mpana uliozungushiwa makuti. Ndani ya ua, mahali pa kuanikia nguo, lilikuwa limesimama gari. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini, wakati ule wa kukatazwa kuendesha magari Jumapili mchana, na kipuri hukipati mpaka ujuane na mtu anayejuana na mtu. Gari lenyewe lilikuwa la Kitaliani, rangi ya maziwa, lililoletwa Bagamoyo na mhandisi wa barabara. Mhandisi alipoondoka, mume wangu na kaka yake wakalinunua kwa pamoja, na mume wangu akawa anabeba abiria kwenda na kurudi Dar es Salaam. Mimi alinifundisha kuliendesha kwenye njia ya Kaole. Leseni niliipata mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, na siku niliyorudi nayo wanaume wa barazani walikohoa wote kwa pamoja.

Injini ya gari lile haikuwa na cheni ndani kama magari mengine tuliyoyazoea. Ilikuwa na mkanda wa mpira wenye meno, uliounganisha gurudumu la chini na gurudumu la juu ili valvu zifunguke na kufungwa kwa wakati wake. Mkanda huo hushikwa usilegee na kigurudumu kimoja cha pembeni, kinachovutwa na springi na kufungwa kwa nati. Mafundi wanakiita tenshena. Tenshena ikilegea, mkanda unaruka meno, na gari linazima hapohapo lilipo.

Ndivyo lilivyozima, njiani, likiwa na abiria wanne na tenga la samaki. Lilirudi Dunda likisukumwa na vijana. Mume wangu hakunywa hata maji. Alikwenda moja kwa moja sokoni, kwenye kibanda cha fundi aliyekuwa ameikaza tenshena ile mwezi mmoja nyuma, akamtukana mbele ya wauza samaki wote. Nilikuwepo, nilikuwa nimekwenda kununua vibua. Alisema, "Mtu huyu kaniharibia gari makusudi. Msimpe hata baiskeli." Fundi alikuwa ameshika spana, mdomo wazi. Mume wangu alikuwa mtu wa kupendwa na maneno yake yalikuwa yakisikilizwa, na kweli watu hawakumpa yule fundi tena hata baiskeli. Siku kumi baadaye mume wangu akashikwa na homa, na homa ikamchukua kwa siku tisa, na wawili wale hawakuwa wamepatana.

Siku ya maziko iliulizwa, kama ilivyo desturi, kama yupo mwenye kumdai marehemu au aliyekosewa naye, basi amsamehe. Mama aliambiwa na wanaume kwamba fundi alikuwa amesimama nyuma kabisa, na akasema, "Mimi nimemsamehe." Neno hilo lilinigusa, lakini wakati ule sikujua lilivyonihusu.

Sasa niseme lililokuwa likinikosesha raha. Mwezi wa kwanza wa eda haujaisha, shemeji yangu, yule kaka wa marehemu, alipiga hodi, akakaa ukumbini, mimi nikiwa nyuma ya pazia na mama katikati. Hakuwa mtu mbaya shemeji. Alikuwa mtu wa kumaliza mambo.

"Shemeji," akasema, "sikuja kugombana na mjane. Lakini gari bovu halimfai mtu, na lile ni letu sote. Ukimaliza eda nitakuja na lori. Kuna mtu Chalinze analitaka, hata kwa vyuma."

"Na kama litakuwa zima?"

Nilimsikia akicheka, si kwa ubaya. "Nani atalitengeneza, wewe? Haya. Siku ya kutoka edani, likitoka hapa kwa miguu yake, liendeshe wewe, sitasema neno. Likitoka kwa kamba, ni langu. Mama shahidi."

"Nimesikia," mama akasema.

Bila gari, nilijua pa kwenda: Pangani, nyumbani kwa baba, kushona kofia mpaka apatikane mwanamume mwingine wa kuniondoa. Nikiwa na gari, nilikuwa na leseni, nilikuwa na njia ya Dar es Salaam, na nilikuwa na sababu ya kuamka. Hilo ndilo lililokuwa mbele yangu, na siku zenyewe zinahesabika. Nilimwambia mama aniitie fundi.

"Fundi gani?"

"Yupo mwingine anayelijua gari hili?"

"Yule aliyetukanwa na mumeo?"

"Si amesamehe?"

Alikuja baada ya swala ya Alasiri, na kigoda chake mwenyewe mkononi. Bila shaka hakuingia. Mwanamke yumo edani, na mwanamume wa nje hana la kumfuata uani kwake. Alikaa upande wa pili wa makuti, njiani, mgongo kwa ua, na mama akakaa upande wa ndani na ukili wake akisuka, yeye akiwa ndio mpaka. Mimi nilisimama mbele ya gari na boneti wazi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba." Alikuwa na sauti nzito, ya mtu aliyekwisha kuudhika kabla hujasema. "Spana namba kumi na tatu unayo?"

"Ninayo."

"Kumi na saba?"

"Ninayo. Zote za marehemu zipo."

"Mbele ya injini kuna kifuniko. Kina bolti tatu. Zifungue, uzitie kwenye bakuli. Usizitie mchangani."

Basi hivyo ndivyo tulivyofanya kazi, wiki baada ya wiki. Yeye hakuona kitu na mimi sikujua kitu. Aliiendesha mikono yangu kwa masikio yake. Nilikuwa na tabia ya kumtangulia, na kila nilipomtangulia alijua. "Nimesema legeza, sijasema fungua. Nati imeanguka, nimeisikia." Nikainama chini ya gari kuitafuta nati, nguo nyeupe ikiburura kwenye mchanga na oili, na yeye akisubiri kimya huko nje. Kusubiri kwake kulinitia hasira. Nilitaka angalau agombe.

Mtaa ulisema, kama ulivyo mtaa. Mjane ananuka petroli. Mjane anaongea na mwanamume kila Alasiri. Mama aliwajibu wote kwa jibu moja: eda inakataza manukato, na petroli si manukato; na kuhusu mwanamume, yeye mwenyewe alikuwa amekaa katikati yao na masikio yake mazima. Alipokuwa peke yake nami alisema mengine. Alisema nguo za eda hutolewa sadaka, na hizi zangu hakuna maskini wa Bagamoyo atakayezikubali.

Tenshena ilitoka vipandevipande. Springi ilikuwa imeliwa na kutu na kukatika. Kile chuma cha nyuzi kama za skrubu, ambacho kigurudumu hukaa juu yake, nyuzi zake zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo nati ilikuwa haishiki chochote. Kigurudumu chenyewe kilikuwa kizito kuzunguka. Na mkanda, nilipouvuta, ulikuwa umevimba na kulainika kama andazi lililosahauliwa kwenye chai, meno matatu yamebanduka. Nilivitia vyote kwenye bakuli, mama akalipitisha kwenye upenyo wa makuti akilishika kwa vidole viwili.

Fundi akavichambua kimoja kimoja huko nje. Kisha akasema, "Mkanda huu umekula mafuta."

"Mafuta?"

"Mpira haupatani na mafuta. Yule mhandisi Mtaliani mwenyewe aliniambia, hata tone lisiuguse. Mafuta yameulainisha, yameingia kwenye kigurudumu, vumbi likafuata. Ulipolegea ukaanza kurukaruka, tenshena ikapigwa mpaka ikala nyuzi." Nikasikia akiubonyezabonyeza. "Injini inavuja hapo mbele. Angalia nyuma ya gurudumu la chini, na nyuma ya lile la juu. Utaona pamelowa."

Sikuwa na haja ya kuangalia. Niliiweka spana chini.

Lazima nieleze jinsi tunavyoishi na bahari. Chumvi inakula kila kitu. Bawaba, kufuli, cherehani, cheni ya baiskeli, mkasi, vyote hupakwa mafuta, na mafuta ya nyumbani kwetu ni ya nazi. Nilivyokuwa naona bibi yangu akifanya Pangani ndivyo nilivyofanya mimi Dunda: kila Alhamisi, kikombe cha mafuta na unyoya wa kuku, nazungukia nyumba nzima. Na gari lilikuwa likilia. Kila asubuhi mume wangu akiliwasha, kitu kilipiga kelele huko mbele kama mtoto aliyenyimwa, na yeye akaudhika. Basi Alhamisi moja alipokuwa anaoga, niliinua boneti, nikaupitisha unyoya kwenye uwazi wa juu wa kifuniko na kukipaka kile kigurudumu nilichokiona, na mkanda, vizuri, kama mtu anavyopaka mtoto. Asubuhi yake gari likanyamaza. Mume wangu akafurahi, akasema gari limeuzoea mji. Sikumwambia. Nilitaka siku moja nimwambie kwa kujidai. Nikaendelea kila Alhamisi kwa mwezi mzima, mpaka lilipozima, na kikombe kilikuwa bado kipo pale kwenye rafu ya jikoni, na unyoya ndani yake.

"Umeona?" fundi akauliza.

"Pakavu," nikasema.

"Haiwezekani. Futa kwa kitambaa, kesho uangalie tena."

Nikafuta. Kesho yake pakavu. Keshokutwa pakavu. Alinifanya nitie mkono mahali ambapo hata jicho halifiki, nitoe kitambaa, mama akipitishe nje, yeye akiangalie juani. Harufu ya nazi hakuisikia. Mwenyewe alisema pua yake ilikwisha kufa kwa petroli. Wiki nzima tulitafuta uvujaji ambao mimi nilijua haupo. Wakati huohuo kazi nyingine iliendelea. Kwenye sanduku aliloliacha mhandisi palikuwa na mkanda mpya na kigurudumu kipya, lakini springi na chuma cha nyuzi havikuwemo. Fundi aliagiza kwa madereva wa malori, na kutoka Chalinze ikaja springi ya breki iliyotolewa kwenye gari lililokufa, ikiwa imefungwa kwenye gazeti pamoja na vumbi la mkaa. Chuma alikitengeneza mwenyewe kutokana na bolti, akakichonga nyuzi kwa mkono. Hakuwa na kazi nyingine ya kumzuia. Hilo nililijua, na nilijua kwa nini.

Nilikosa raha kabisa. Nilipokaa nilitaka kusimama, nikisimama nilitaka kukimbia, na makuti yalikuwa pande zote. Nilimgombeza mama bila sababu. Nilianza kusali mapema ili nimalize mapema, Mungu anisamehe. Halafu siku moja, siku kumi kabla ya kumaliza eda, fundi akasema kitu kilichonimaliza. Alikisema taratibu, kama anazungumza na kile kitambaa.

"Huenda marehemu alisema kweli. Huenda nilipofungua hapo mbele nililigusa jambo, nikaacha pakivuja, kisha pakajiziba. Mimi nilikuwa najiona nimeonewa. Kumbe nimemsamehe mtu aliyekuwa na haki."

Mama aliacha kusuka. Usiku uleule, kabla hatujalala, nilimweleza yote, pamoja na kikombe na unyoya. Hakushangaa sana, ndiye aliyenilea.

"Ukimwambia ataondoka," akasema. "Akiondoka, gari halitoki. Na shemeji yako akisikia atasema ulilivunja kwa mkono wako, unalidai nini tena."

"Kwa hiyo ninyamaze?"

"Sikusema hivyo. Nimekwambia yatakayokuwa."

Nilinyamaza siku nyingine saba. Naziandika siku hizo saba kwa aibu. Katika siku hizo alinifundisha kulinganisha alama: gurudumu la juu lina kitone, kiletwe kwenye mstari, la chini nalo lina chake. Nilitoa plagi ili injini izunguke kwa wepesi, nikaizungusha kwa spana kubwa kwenye nati ya chini, jasho likinitoka, mpaka vitone vikakaa mahali pake. Nikavisha mkanda mpya. Nikafunga chuma chake kipya, nikaweka kigurudumu, nikaitia springi ya breki kwenye ndoano yake. Na hapo akanisimamisha.

"Sikiliza, maana wewe una haraka. Mkanda huu haukazwi na mkono wa mtu. Unaiacha nati imelegea, springi inavuta yenyewe kiasi inachotaka. Unazungusha injini mara mbili, mkanda unakaa. Ndipo unakaza nati. Umeelewa? Springi ndiyo inayokaza, si wewe."

"Nimeelewa."

"Kesho tutafanya hilo. Na betri nitakuletea, imejaa."

Kesho yake alikuja na betri, akaiacha kwenye mlango wa ua. Zilibaki siku mbili. Nilimwamkia, akaitikia, nikasikia kigoda kikikaa mchangani.

"Fundi," nikasema. "Injini haivuji. Haijawahi kuvuja. Mafuta niliyatia mimi. Ya nazi, kwa unyoya, kila Alhamisi. Mume wangu hakujua. Wewe hukukosea kitu."

Nilisikia ukili wa mama umesimama, na mbali kidogo mtu anapasua kuni. Kisha kigoda kikanyanyuliwa.

"Tangu lini umejua?"

"Tangu ulipoushika ule mkanda."

"Zaidi ya mwezi," akasema. Ndala zake zikaanza kwenda, hazikuenda haraka, na mimi nikazifuata kwa ndani, huku nikiyashika makuti, mpaka ua ukaisha kwenye pembe.

Siku ya pili yake nilimsikia akipita njiani. Ndala zile nilikuwa nazijua sasa. "Shikamoo, fundi!" nikamwita kupitia makuti. Hakuitikia. Mwanangu wewe unayesoma haya mjini, huenda hujui uzito wake: mtu mzima kuachia shikamoo yako ianguke chini. Nilisimama pale nikiwa nimeiva uso.

"Hakusikia," nikamwambia mama.

"Amesikia," mama akasema.

Basi nilimaliza peke yangu. Nilipolegeza nati, springi ikavuta, na kigurudumu kikasogea kidogo tu. Kidogo mno, niliona. Springi ya breki kutoka kwenye gari bovu la Chalinze, nyembamba vile, niiamini vipi? Mara mbili niliizungusha injini kama alivyosema. Halafu nikachukua mpini wa nyundo, nikakisukuma kigurudumu kiubane mkanda, na huku nimekisukuma nikakaza nati kwa nguvu zangu zote na za mwezi mzima. Nikarudisha kifuniko, nikarudisha plagi, nikafunga betri. Liliwaka mara ya nne. Mama alipiga kigelegele kisha akajiziba mdomo, maana mimi bado nilikuwa edani.

Asubuhi ya kutoka, wanawake walikuja kuniogesha na kunivisha. Kulikuwa na udi, kulikuwa na khanga mpya, kulikuwa na sinia la wali wa asubuhi kwa ajili ya waliokuja. Nilitakiwa niketi mkekani, watu wanipe mkono wa pole na wa kheri. Huko nje lori lilikuwa limesimama, na shemeji ameegemea bodi na kamba begani. Niliketi mkekani kama muda wa kunywa kikombe cha chai. Kisha nikainuka na khanga zangu mpya, nikafungua lango la ua lote, nikaingia garini.

Lilitoka. Lilipiga kelele kali huko mbele, kelele nyembamba ya kuvuta, lakini lilitoka kwa miguu yake, likapita mbele ya shemeji. Alinitazama, akaitazama kamba, akaitupa ndani ya lori. "Haya," akasema, "neno ni neno." Akaja nyuma kwa miguu, pamoja na nusu ya wageni wangu, maana walidhani nitazunguka mtaa mmoja na kurudi.

Sikurudi. Nilikwenda sokoni, kwenye kibanda cha bati, mahali palepale. Wauza samaki walikuwa wanapanga meza. Fundi alikuwa amekaa juu ya kigoda kile, mikono mitupu, hana kazi mbele yake. Sikuwahi kuuona uso wake tangu siku ile aliyotukanwa, na nilimkuta amezeeka. Nikashuka, injini ikiwa bado inaunguruma.

"Shikamoo, fundi."

Kimya.

Nikageuka kwa watu. Sauti yangu ni kubwa, nimerithi kwa baba, na siku ile nilishukuru. Nilisema kwamba mume wangu alimtukana mtu huyu hapa, mbele ya macho yenu, na alisema mkimpa baiskeli ataiharibu. Mume wangu hakusema uongo kwa kukusudia, lakini alikosea. Gari niliharibu mimi, kwa mafuta ya nazi, kwa unyoya wa kuku. Gari mnaloliona limekuja hapa kwa kazi yake, naye hajalitia macho hata mara moja. Mmoja akacheka, "Mafuta ya nazi!" na wengine wakamfuata, na kicheko kilikuwa changu na nilistahili. Nyuma nikamsikia shemeji akisema, "Lo! Kumbe ni wewe!" Nikangoja aongeze, alirudishe neno lake. Hakuongeza.

Nilibaki nimesimama. Hilo ndilo lilikuwa gumu kuliko kusema. Sikuwa na spana ya kushika wala ua wa kuzunguka.

Fundi aliinuka. Hakunitazama. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, akisikiliza, kama alivyokuwa akisikiliza siku zote zile nyuma ya makuti. Akainua boneti na kwa mara ya kwanza akaiona kazi yetu.

"Umekaza mno," akasema. "Zima."

Nikazima.

"Kumi na tatu."

Nikaitoa garini, nikampa. Akafungua kifuniko, akazitia bolti kwenye mfuko wa shati. Akalegeza nati robo tu, kigurudumu kikarudi nyuma kwa mlio mdogo, springi ikakishika. Akanipa spana kubwa, nikazungusha injini mara mbili, taratibu, bila kumtangulia. Akaubonyeza mkanda kwa kidole gumba. Kisha akaifunga nati, si kwa nguvu, akarudisha kifuniko, akashusha boneti kwa mikono miwili na kujifuta kwa kitambaa.

"Washa."

Niliwasha. Ile kelele haikuwepo tena. Aliweka kiganja juu ya boneti, akasikiliza kwa muda niliouona mrefu kuliko eda nzima, na muuza samaki mmoja akasogea na baiskeli yenye cheni iliyokatika, akasimama kando akisubiri zamu.

"Marahaba," fundi akasema.